Gari limeshushwa, mgongo unalia: majibu yangu kuhusu shokapu

Maswali ya safari hii karibu yote yametoka kwa watu wa hapa Tanga wenye magari ya chini wanayoyatumia kila siku, kazini, sokoni na kupeleka watoto shule. Wanataka gari libaki lilivyo, lakini mwili upumzike. Inawezekana. Swali la kwanza nimelijibu kwa urefu kwa sababu ndilo lenye mzizi wa mengine.

Nimenunua Altezza ikiwa imeshushwa tayari, springi fupi na shokapu za kawaida. Kila tuta inagonga hadi kichwani. Fundi mmoja anasema niweke shokapu ngumu za spoti, mwingine anasema nitafute laini kuliko zote. Nimfuate nani? (Msomaji, Chumbageni)

Kaka, usimfuate yeyote kabla hujajua gari lako linagonga nini. Uzito wa gari unabebwa na springi. Shokapu kazi yake ni kuituliza hiyo springi: pistoni inasukuma oili ipite kwenye matundu madogo, na nguvu ya mtikisiko inaishia kuwa joto. Ukiweka springi fupi, shokapu ya urefu wa kiwandani inakaa muda wote ikiwa imejikunja. Nafasi iliyobaki kabla haijafika kwenye raba ya kikomo, ile inayovalishwa kwa juu kwenye rodi (chuma kinachoingia na kutoka kwenye shokapu), inakuwa ndogo mno. Ukipita kwenye rasta raba inabanwa, na kinachokugonga hapo ni gari kukosa pa kwenda, wala si ugumu wa shokapu. Sasa ukinunua iliyo laini zaidi, utafika kwenye raba upesi zaidi. Nimeona watu wengi wakitupa fedha kwa njia hii, na inaniuma, maana kupima hakugharimu kitu.

Inua kifuniko cha vumbi, funga kwenye rodi kile kikamba cha plastiki cha kufungia nyaya, ukishushe kikae juu ya kichwa cha mwili wa shokapu. Endesha njia yako ya kila siku, tuseme Kange hadi mjini na kurudi, kisha tazama kikamba kimesukumwa hadi wapi. Kikifika kwenye raba, umepata jibu.

Kwa uzoefu wangu, gari likishuka sentimita 2 hadi 3, shokapu nzuri ya urefu wa kawaida bado inavumilia. Likipita hapo, tafuta iliyotengenezwa fupi kwa ajili ya springi fupi. Watengenezaji wa shokapu Bilstein, kwa mfano, wanatofautisha waziwazi: B6 ni ya gari lenye kimo cha kiwandani, B8 ni ya gari lililoshushwa. B8 si laini, nakwambia mapema, lakini inakurudishia nafasi ya kucheza, na springi fupi ambayo kwa kawaida ni ngumu inahitaji shokapu yenye nguvu ya kuizuia inapotaka kurudi juu. Gari la starehe ni lile linalopanda tuta, likashuka, likatulia mara moja. Linaloendelea kunesanesa baada ya tuta litakuchosha mgongo kabla hujafika Muheza, hata kama kwenye gereji lilionekana laini ulipoliminya kwa mkono.

Na kama springi zako zimekatwa kwa grainda, anza na hizo. Springi iliyopunguzwa mizunguko inakuwa ngumu zaidi, na gurudumu likining'inia inaweza kulegea na kutoka kwenye kiti chake. Hakuna shokapu duniani itakayoleta raha juu ya springi ya namna hiyo.

Corolla NZE121 yangu ina shokapu mpya za KYB, nimeishusha kidogo tu na kuweka rimu za 17. Bado inatingisha meno. (Msomaji, Ngamiani)

Ziache shokapu, tazama tairi. Tairi ya 185/70R14 ina ukuta, yaani ubavu kuanzia rimu hadi barabarani, wa karibu milimita 130. Ya 205/45R17 ina kimo kilekile kwa jumla, ila ukuta wake ni milimita 92. Umepoteza karibu sentimita 4 za mpira na upepo, na hiyo ndiyo starehe ya kwanza ya gari lolote kabla springi haijaguswa. Rudi kwenye 195/60R15, ukuta wake ni milimita 117. Gari litabaki linavutia, na utashangaa shokapu zako zilivyo nzuri. Upepo upime tairi zikiwa baridi, na kwa tairi za saizi ya kiwandani fuata kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva, usikubali kujaziwa kwa kukadiria.

Kuna fundi anatoboa shokapu zilizokufa, anajaza oili na kuchomelea. Bei yake ni ndogo sana. Niende? (Msomaji, Muheza)

Usiende. Sili iliyochoka, ile raba inayozuia oili isitoke, ni ileile, itavuja tena. Oili anayoweka mara nyingi ni ya gia boksi, uzito wake si ule ambao matundu ya ndani yalipimiwa, kwa hiyo unapata shokapu ngumu ya ovyo inayorusha gari. Tena zile za gesi zina naitrojeni kwa shinikizo, kuzitoboa na kuzichomelea ni kuhatarisha macho ya fundi mwenyewe. Zipo shokapu zilizoundwa zifunguliwe na kufungwa upya kwa sili na vipuri vyake. Huo ni ufundi mwingine kabisa.

Shikamoo fundi. Nina IST, shokapu za mbele zinavuja. Duka moja wana mtumba wa Japani wa spoti, jingine wana mpya za kawaida. Bei zinakaribiana. (Dada wa Raskazone)

Marahaba, dada. Chukua mpya za kawaida, mfano KYB Excel-G, ambazo zimetengenezwa zifanane na tabia ya shokapu ya kiwandani. Neno "spoti" kwenye mtumba halikuambii sili ina umri gani. Kama lazima uchukue mtumba, isimamishe wima, minya rodi hadi chini na kuivuta mara kadhaa. Isikwame mahali wala isiwe na sehemu inayoteleza bila kuzuia. Rodi ing'ae bila doa la kutu, kwa maana kila kidoa kitakwangua sili. Wewe unayeishi karibu na bahari, suuza chini ya gari kwa maji baridi mara kwa mara. Chumvi inakula rodi na springi kimyakimya.

Mark X yangu ni tamu nikiwa peke yangu. Nikipakia familia kwenda Segera, nyuma inakaa kabisa. Niongeze shokapu ngumu? (Msomaji, Makorora)

Hapana. Uzito ni kazi ya springi, kama nilivyosema juu. Weka springi za nyuma zisizo fupi sana, au urudishe za kiwandani nyuma tu. Zile raba za kuchomeka katikati ya mizunguko zinainua gari, ndiyo, ila zinaifunga springi isicheze, na watoto wako kiti cha nyuma ndio wanaolipa.

Nabadilisha zote nne au mbili zinatosha? Na kwa nini jamaa ninayemjua aliweka mpya zikalia siku ileile? (Msomaji, Mikanjuni)

Badilisha kwa jozi, za mbele zote mbili au za nyuma zote mbili, usibadilishe upande mmoja kamwe. Kuhusu kelele, shuku ufungaji. Mauntingi (vishikizo vya juu vya shokapu) na raba za kikomo zilizokufa zibadilishwe siku hiyohiyo. Shokapu mpya ya oili ipampiwe wima mara kadhaa kabla ya kufungwa ili hewa itoke. Fundi asiishike rodi kwa plaizi wakati wa kukaza nati ya juu. Mkwaruzo mmoja unatosha kuua sili.

Na hili simamia mwenyewe, kwa sababu gereji nyingi hulipita: nati za bushi (raba za viungo) za wishboni, ile mikono inayoshika gurudumu, na za chini ya shokapu zisikazwe kabisa gari likiwa juu ya jeki, magurudumu yananing'inia. Ukizikaza hivyo, gari likishuka bushi zinabaki zimejisokota, zinalifanya gari kuwa gumu, nazo zinapasuka mapema, na gari lililoshushwa linaumia zaidi. Zishikizwe tu, gari literemshwe likalie magurudumu yake, kisha ndipo zikazwe. Ukitoka hapo, nenda moja kwa moja kwenye alaimenti, magurudumu yanyooshwe.