Grafu ya mihimili sambamba: anza na mihimili miwili jirani

Pole dada, unasema grafu ya mashamba yako ya kahawa hapo Moshi imekushinda kusoma. Inasomeka, ila usiitazame yote kwa mara moja. Kila mhimili wa wima ni kipimo kimoja, kama mwinuko wa shamba au mavuno, na kila mstari unaoikatiza mihimili hiyo ni shamba moja. Chukua mihimili miwili iliyo jirani: mistari mingi ikienda sambamba, vipimo hivyo hupanda pamoja, ikikatana katikati kama X, kimoja hupanda kingine kikishuka. Hakikisha tu hakuna mhimili uliogeuzwa juu chini.

Mwinuko na mavuno umeviweka kwenye mihimili iliyo mbali, ndiyo maana huoni uhusiano wake. Visogeze vikae pamoja, kisha mashamba ya Kibosho yape rangi yake na ya Marangu yake.

Mstari unaokwenda kinyume na wenzake usiufute. Rudi kwenye daftari kwanza. Huenda mwinuko uliandikwa kwa futi badala ya mita.