Asidi ikizidi, utando unakauka
Ndugu yangu wa Uyole, umeuliza kama kuongeza asidi kwenye betri ya vanadiamu ya kuhifadhi umeme wa sola (ile inayotumia vimiminika viwili vyenye vanadiamu na asidi) kutafanya utando, yaani ngozi nyembamba inayotenganisha pande zake mbili, upitishe umeme vizuri zaidi. Mwanzoni ndiyo. Baadaye hapana.

Utando kama Nafion una vikundi vya atomi viitwavyo salfoniki vyenye chaji hasi, vimeshikamana nao na havitoki. Kazi yake ni kupitisha protoni, chembe za hidrojeni zenye chaji chanya. Asidi ikiwa kidogo mno, ayoni (chembe zenye chaji) za vanadiamu zinakalia nafasi za protoni, na kwa kuwa zinakwenda polepole, ukinzani wa umeme unapanda. Ukiongeza asidi, protoni zinarudi. Ukizidisha sasa, myeyusho unanyonya maji ya utando kama chumvi inavyomkausha samaki wa Kyela. Vijia vya ndani vinasinyaa, na protoni bila maji haziendi mbali. Hata hapo kuna nafuu moja: vanadiamu inayovuja kwenda upande wa pili hupungua.

Ndiyo maana wengi hubaki kwenye moli (kipimo cha kiasi cha kemikali) 2 hadi 3 za asidi ya salfuriki kwa lita. Na huko Mbeya, tafadhali, usisahau baridi ya Juni na Julai: asidi nyingi pamoja na baridi hufanya chumvi za vanadiamu, hasa upande hasi, zigande na kuziba mabomba. Kwako ningeanzia moli 2.

Ukichanganya, mimina asidi kwenye maji polepole, kamwe usimimine maji kwenye asidi. Miwani na glavu ni lazima.