Propaganda peke yake haimfanyi askari aue

Ndugu, umeuliza kama propaganda ndiyo inayompa askari moyo wa kuua adui. Inachangia, lakini naona huwashika zaidi raia walio nyumbani kuliko yule aliye mstari wa mbele.

Chukua Krismasi ya 1914, katika Vita Kuu ya Kwanza. Magazeti ya Uingereza yalikuwa yamewachora Wajerumani kama wanyama tangu walipoivamia Ubelgiji. Hata hivyo, sehemu nyingi askari wa pande zote mbili walitoka kwenye mahandaki, wakapeana sigara, wakazika maiti zilizokuwa zimelala katikati. Ukishamwona mtu uso kwa uso, ile picha ya gazetini haishiki. Makamanda walilijua hilo, ndiyo maana mwaka uliofuata walipiga marufuku.

Wataalamu waliowahoji askari wa Marekani katika Vita Kuu ya Pili walikuta chuki ni sababu ndogo. Walipigana ili wasiwaangushe wenzao, na vita iishe warudi kwao. Halafu kuna mazoezi: miaka ya 1950 jeshi hilo lilianza kutumia shabaha zenye umbo la mtu, zinazoibuka ghafla na kuanguka zikipigwa. Mkono unazoea kabla akili haijauliza.

Kinachonitisha mimi ni propaganda inayomlenga jirani asiye na silaha. Mwaka 1994 redio RTLM ya Rwanda iliwaita Watutsi mende, ikataja watu kwa majina na mahali walipo. Hapo mtangazaji alikuwa ndani ya mauaji yenyewe, na mahakama ya Umoja wa Mataifa kuhusu Rwanda, iliyokuwa Arusha, iliwatia hatiani waanzilishi wawili wa redio hiyo mwaka 2003.