Kamera za barabarani: anza na njia ya kebo, kamera zije mwisho

Mteja akipiga simu kuhusu kamera za barabarani, cha kwanza kuuliza ni megapikseli. Mimi namuuliza umeme anautoa wapi na kebo itapita upande gani wa barabara. Hapo ndipo bajeti inapoanza kubadilika.

Chukua kipande cha kilomita 3 chenye kamera 12, kila moja na nguzo yake. Kebo ya shaba ya Ethaneti mwisho wake mita 100, kwa hiyo kati ya nguzo na nguzo vuta faiba (kebo ya nyuzi za kioo zinazopitisha mwanga). Shaba ibaki ya kushuka tu kutoka kwenye kamera hadi boksi la chini. Faiba ina faida nyingine: haipitishi umeme, radi ikipiga nguzo moja haifuati kebo kwenda kuunguza swichi (vifaa vya kuunganisha kebo za mtandao) za nguzo za jirani. Ilimradi usinunue ile yenye ala ya chuma. Ethi, yaani waya wa kupeleka umeme ardhini, weka kila nguzo hata hivyo.

Usiunganishe nguzo kwa msururu mmoja. Watu wa maji wakichimba na kukata kebo kati ya nguzo ya pili na ya tatu, kamera 10 zimezimika. Funga duara, kwa swichi zenye ERPS, utaratibu wa kulinda mtandao wa duara, ambao umeundwa kuhamisha njia ndani ya milisekunde 50. Ila nimeshaona duara ambalo kwenda na kurudi ni mtaro uleule! Tingatinga likipita, linakata zote mbili. Njia ya kurudi ipitishe ng'ambo ya barabara, na kibali cha kuvuka lami kiombe mapema kwa wakala wa barabara, TANROADS au TARURA kwa Tanzania, kutegemea barabara iko chini ya nani.

Kasi ya mtandao haisumbui sana. Kamera ya 1080p ikadirie megabiti 4 kwa sekunde. Zote 12 ni 48, gigabiti moja inazimeza bila shida. Kinachouma ni diski: kamera moja inakula takribani gigabaiti 43 kwa siku, kwa hiyo mwezi mzima wa kamera zote ni kama terabaiti 15.5.

Kwenye boksi la nguzo usibane matumizi. Swichi ya ofisini nyingi mwisho wake nyuzi joto 40 hivi, na boksi la chuma lililopigwa na jua la mchana linapita hapo kirahisi. Tafuta ya viwandani inayohimili 70 au zaidi. Matundu ya kebo yawe chini ya boksi, na kebo ilegee kidogo chini ya tundu kabla ya kuingia, maji ya mvua yadondokee hapo. Ziba nafasi zote, la sivyo sisimizi na mijusi watahamia.

Kebo ya bei poa ikwangue ncha kwa kisu. Ikiwa nyeupe ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba. Irudishe dukani, maana PoE (umeme unaopita kwenye kebo ileile ya mtandao) itaipasha moto na kamera haitapata umeme wa kutosha. Jumlisha wati pia: swichi yenye milango 8 ya kuchomekea kebo, kila mmoja wati 30, mara nyingi haiwezi kutoa 240 kwa pamoja, na kamera za kuzunguka zenye infraredi ya kuonea usiku zina njaa.

Mwisho, boksi liko barabarani na kufuli lake ni la kuvunjika. Funga milango yote isiyotumika kwenye swichi, kamera zikae kwenye VLAN yake (mtandao uliotengwa ndani ya swichi zilezile), na nywila ya kiwandani ibadilishwe kabla nguzo haijasimamishwa, maana ukishapanda ngazi hakuna atakayekumbuka.