Kabla Hujapanda Mtumbwi wa Kwenda Ssese, Angalia Mwezi

Niliomba ruhusa ya Ijumaa moja tu. Jumatatu saa mbili asubuhi nilitakiwa kuwa mbele ya wanafunzi wangu wa Kiswahili, chaki mkononi. Nilifika Jumatano mchana, pua imebabuka kwa jua, kiatu kimoja kimebaki ziwani, na mkuu wa shule akaniuliza swali moja: "Mwalimu, huko visiwani hakuna saa?"

Saa zipo. Mzee aliyetukaribisha alikuwa nazo mbili, moja ukutani na moja mkononi, na zote zilikuwa zinakwenda. Kilichogoma kwenda ni mtumbwi.

Tangu safari ile nimerudi Ssese, visiwa vya Ziwa Victoria upande wa Uganda, mara nne na sijachelewa kazini tena. Ndiyo maana shoga zangu wa Kampala wakiniambia "twende kisiwani wikendi hii", siulizi nani analipa. Nauliza mwezi wa angani una siku ngapi tangu uandame. Nitafika huko, lakini kwanza tuelewane tunazungumzia kisiwa kipi.

Mtu wa Kampala akisema ametoka Ssese, mara nyingi ametoka Bugala. Visiwa vya Ssese viko 84, na Bugala ndicho kikubwa kuliko vyote: kina barabara, mashamba makubwa ya michikichi, mji wa Kalangala, hoteli za ufukweni na muziki hadi usiku wa manane. Kufika si kazi. Meli huondoka Nakiwogo, Entebbe, mchana, na baada ya saa tatu na nusu hivi unashuka Lutoboka. Kesho yake asubuhi inarudi. Au unapita Masaka hadi Bukakata na kuvuka bure kwa kivuko hadi Luuku. Mwenye siku moja tu ana Ngamba, kilomita 23 kutoka Entebbe, wanakotunzwa sokwe mayatima tangu 1998. Kote huko ni kuzuri. Ila kama unachotafuta ni kimya, Bugala utakuta Kampala imekutangulia.

Mimi nasemea vile vidogo: mwalo mmoja wa kutia mitumbwi, njia moja ya miguu, msikiti wa mabati wa watu ishirini, na simu inashika mtandao chini ya mfenesi mmoja tu. Changu sikitaji jina. Mwenyeji ana vyumba vitatu, na kimoja nakitaka Desemba.

Huko meli haiendi. Unakwenda mwalo wa Kasenyi, nje kidogo ya Entebbe, unapanda mtumbwi mkubwa wa mbao wenye injini pamoja na magunia ya posho, yaani unga wa mahindi, kreti za soda, magodoro, kuku, na akina mama wanaofuata dagaa, hawa ambao sisi Uganda tunawaita mukene. Safari ya kwanza nilikwenda na wifi yangu, mdogo wake mume wangu, ambaye tangu Kampala alikuwa anauliza kama kisiwani kuna wifi. Nikamwambia wifi ni yeye, tusitafute wa pili.

Pale Kasenyi mtumbwi unakaa majini na abiria anabebwa mabegani na vijana wa mwaloni hadi ndani. Wifi aliona haya kubebwa na mwanamume asiyemjua. Akapandisha buibui hadi magotini, akaingia majini mwenyewe, mwalo mzima ukampigia makofi. Mimi nilibebwa, na sikuuliza bei. Patana ukiwa bado umesimama kwa miguu yako. Aliye mabegani mwa mwenzake, maji chini na simu mkononi, hana sauti ya kubishana.

Makofi ya wifi hayakuwa ya bure. Miezi miwili baadaye alipimwa akakutwa na kichocho. Sisemi aliupata Kasenyi au kisiwani, kwa sababu kote aliingia. Vijidudu vyake hukulia ndani ya konokono wadogo wa maji, kisha hutoka na kupenya ngozi ya mtu bila hata kumwasha mara nyingine. Konokono hao hupenda maji ya kina kifupi, yaliyotulia, yenye majani na matete, yaani hasa pale ambapo mgeni huona pazuri pa kutia miguu. Ukishindwa kujizuia, kaa muda mfupi, jifute kwa nguvu mara unapotoka, na ukapime wiki sita hadi nane baadaye. Ukipima kesho yake huenda kipimo kisione kitu. Dawa ni prazikwanteli, vidonge hupangwa kwa uzito wa mwili, na zahanati nyingi za kando ya ziwa zinaujua ugonjwa huu kama zinavyoijua malaria. Neti ya mbu, bila shaka, beba.

Jaketi la kuokolea maisha pia beba lako. Nasema hivi nikijua utachekwa. Ya mtumbwini huwa machache, mengine yamekatika kamba, na mengine yamekaliwa kama mito. Novemba 2018 mashua ya starehe iliyojaa kupita kiasi ilizama upande wa Mukono, si mbali na nchi kavu, na zaidi ya watu 30 wakafa. Wengi walikuwa watu kama mimi na wewe, wametoka mjini kutafuta upepo. Ukiona mtumbwi umejaa hadi maji yanakaribia ukingo, shuka. Nauli uliyolipa iache iende.

Sasa upepo. Nilidhani, kama wanavyodhani wengi, kwamba alfajiri ndiyo salama na jioni ndiyo hatari. Mzee mwenyeji alinisahihisha siku ya kwanza nilipomwambia tutaondoka Jumapili saa kumi na moja alfajiri, giza likiwapo.

"Mama, hapa radi inalala na sisi," alisema. "Ikiamka kwenda zake, na nyinyi mwende."

Baadaye nikaelewa alichosema. Mchana nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji, upepo unavuma kutoka ziwani kwenda bara, na mawingu yanajazana huko Kampala na Masaka. Usiku mambo yanageuka. Nchi inapoa, ziwa bado lina joto, upepo unatoka pande zote za ufuko na kukutana katikati ya maji. Hewa yenye unyevu inapanda, na ngurumo zinapiga ziwani usiku wa manane hadi karibu na mapambazuko. Nalubaale, kama Waganda wanavyoliita ziwa hili, lina ukubwa wa kilomita za mraba 68,800 hivi, kwa hiyo nafasi ya kutengeneza dhoruba yake lenyewe linayo. Usiondoke gizani. Amka, tazama upande wa kusini, sikiliza, kunywa chai, kisha muulize nahodha. Akikwambia ziwa limechafuka, rudi ukalale, na usimwongezee pesa ili abadilishe mawazo. Wapo watakaobadilisha.

Jumapili ile lilichafuka kweli. Hilo nililitegemea. Jumatatu kulikuwa shwari, maji kama kioo, na mtumbwi ukabaki umefungwa. Nikamfuata nahodha.

"Nahodha, tunaondoka saa ngapi?"

"Mwalimu, niondoke na nini? Wewe, mwenzako na mbuzi mmoja?"

Hapo ndipo mwezi unapoingia. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Taa inawavuta wadudu na dagaa wenyewe karibu na mtumbwi, kisha wavu unawazoa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni taa za betri na sola. Mwezi ukiwa mpevu, ziwa lote lina mwanga, taa ya mvuvi haina maana, na wavuvi wanapumzika: wanashona nyavu, wanapaka mtumbwi lami, wanakwenda bara kuona watoto. Bila dagaa hakuna gunia la kupeleka Kasenyi, na bila gunia mwenye mtumbwi haunguzi petroli kwa ajili ya walimu. Mimi na wifi tulikuwa tumechagua mbalamwezi makusudi, kwa sababu picha zingependeza. Zilipendeza. Tulikaa tukizitazama Jumatatu, Jumanne, na Jumatano tukaondoka na mfanyabiashara wa kuni aliyetuhurumia. Kiatu kilibaki wakati wa kupanda mtumbwi wake.

Basi chagua giza? Giza la mwezi lina raha yake. Usiku unasimama ufukweni unaona taa mamia mbele yako, kama mji umejengwa juu ya maji tangu magharibi, na asubuhi mji huo haupo. Mitumbwi ya kurudi ni mingi. Lakini mwezi unapoandama ndipo pia wadudu wadogo wa ziwani wenye mabawa hutoka kwa wingi. Utawaona mbali wanapanda juu kama moshi wa moto wa shambani, na upepo ukiwaleta kwenu, funga mdomo, funga dirisha, zima taa. Hawaumi. Wanaingia tu: chaini, puani, ndani ya vitasa. Wifi alikuta wengine ndani ya kopo la sukari lililofungwa na hadi leo anaamini ni uchawi.

Mimi sasa huchagua mwezi wa siku tano au sita. Waislamu tuna urahisi hapa, kalenda ya kuhesabu tunayo tayari. Mwezi wa siku hizo unakupa mwanga jioni, unatua kabla ya usiku wa manane, taa za wavuvi zinatoka baada yake, wadudu wamepungua, na magunia ya dagaa yanasafiri kila siku. Na wewe unasafiri nayo. Utanuka. Ndugu yangu, utanuka hadi Kisenyi, katikati ya Kampala, na kwenye teksi utapata kiti cha watu wawili peke yako.

Chakula nilikikosea pia, na hili lilinishangaza kuliko yote. Nilikwenda kisiwani katikati ya samaki bila kubeba kitoweo, na siku mbili za kwanza nikakosa samaki. Sangara wakubwa hawalali kisiwani. Wananunuliwa mwaloni asubuhi hiyo hiyo, wanatiwa barafu na kupelekwa viwandani bara, minofu inakwenda nje ya nchi, na bondo lao, ule mfuko wa hewa tumboni, linauzwa hadi China kwa bei inayomfanya mvuvi alitunze kuliko samaki mwenyewe. Mkazi wa kisiwa anabaki na dagaa na sangara wadogo. Ukitaka sato wa kuchoma, mwambie mvuvi jana yake, mpe malipo ya nusu, na ukubali atakachokuja nacho. Vitunguu, nyanya, mafuta, limau na pilipili toka navyo Kampala, maana kisiwani vyote vimekuja kwa mtumbwi uleule uliokuleta na bei yake imepanda pamoja na nauli. Kuku nilimpata, na imamu wa msikiti wa mabati akanichinjia, akakataa pesa, akakubali limau mbili.

Fedha beba taslimu, noti ndogondogo. Wakala wa pesa za simu yupo, ila akiishiwa na pesa mkononi mnaishiwa kisiwa kizima.

Siku tuliyokwama tulitembea msituni na mjukuu wa mzee. Miti mikubwa, kunguruma kwa maji kwa mbali, ndege usiowajua. Mgeni hudhani msitu huo umekuwapo hivyo tangu zamani. Sehemu yake ni makovu. Mwanzoni mwa karne iliyopita ugonjwa wa malale uliua watu wengi mno katika Buganda na Busoga, na serikali ya kikoloni ikawahamisha wakazi wa visiwa kwa sababu ya mbung'o. Mashamba yakaachwa, miti ikarudi. Ndiyo maana kuna mahali unakuta mbuni mmoja wa kahawa peke yake katikati ya mwitu na hakuna anayejua aliupanda nani. Pia usijiendee tu popote. Visiwa hivi ni vya Mukasa, mungu wa ziwa katika imani ya jadi ya Waganda, hekalu lake liko kisiwa cha Bubembe, na sehemu nyingine zina miiko ambayo mwenyeji anaijua. Dini yangu ni nyingine, lakini nyumbani kwa watu napiga hodi.

Kwa wenye kuuliza siku ngapi zinatosha: usiku mitatu. Chini ya hapo utakuwa unafungua begi na kulifunga. Na juu ya hiyo mitatu ongeza siku moja ambayo humwambii mtu yeyote isipokuwa aliyekupa ruhusa.

Mkuu wa shule siku hizi amezoea. Nikipeleka barua ya ruhusa anaisoma hadi mwisho, anavua miwani, anauliza: "Jumanne hii ni ya kalenda, au ya ziwa?" Namwambia ya ziwa, anaandika Jumatano.