Bikarbonate, jile na maji ya ziwa: yale nilijaribu juu ya harufu ya kwapa hapa Goma

Ndugu yangu uliyeuliza jana usiku, umeandika kwamba deodora inakuwasha, kwapa inanuka hata kama umeoga asubuhi, ngozi ya miguu inakauka mpaka ukipitisha kucha inachora michoro nyeupe, na sasa unataka kuacha vitu vya butike ukamate vya asili. Mmoja kakujibu paka ndimu, mwingine paka bikarbonate (ile soda ya kuokea), mwingine kakutumia picha ya mafuta anayouza yeye mwenyewe. Acha mi nikuambie yangu, juu hiyo njia nimeipita yote na kuna fasi nimeanguka vibaya.

Mi ni motari, nabeba watu na pikipiki. Natoka mtaa wa Ndosho saa kumi na mbili asubuhi, nashinda kwa jua na hii vumbi yetu nyeusi, narudi giza limeingia. Kwa kazi yetu mutu anakaa nyuma, pua yake iko kwa mgongo wako, kwa hiyo harufu siyo siri ya mutu na bibi yake. Siku moja nilibeba mama mmoja kutoka Majengo anaenda Birere, tumefika tu Signers, katikati ya njia, akanigonga begani, "Papa, simama, nitashukia hapa". Nikamwambia mama, Birere bado. Akasema najua, nitatembea. Alinilipa bei nzima ya mpaka Birere. Angelipa nusu ningesema ni mambo ya makuta, ya pesa, lakini ile bei nzima njo iliniumiza.

Usiku ule ule nikaingia kwa simu kutafuta. Nikakuta video, mutu yuko Ulaya huko, bafu yake inang'aa, anachanganya bikarbonate na maji ya ndimu anapaka kwapani, anasema ameacha deodora miaka mingi. Nikasema hii ni rahisi, bikarbonate iko ndani ya nyumba, ile mama watoto anawekaga kwa sombe, majani ya muhogo, ilainike. Siku tatu za kwanza, mwujiza kabisa. Hakuna harufu hata saa ya jioni. Nikaanza kuhubiri kwa parking, wenzangu wawili wakaenda kununua. Siku ya sita nikanyoa kwapa na wembe usiku, asubuhi nikapaka kama kawaida. Nilifika rompwe ya Chukudu, pale barabara inazunguka, mikono imepanuka kama kuku anayetaka kuruka, siwezi kuishusha, na pikipiki inaendeshwa na mikono! Mteja ananiuliza papa unaona baridi? Jioni ngozi ikaanza kutoka kama ganda la kiazi cha kuchemsha, na chini yake nyekundu, kisha ikageuka nyeusi, ule weusi ulikaa miezi.

Shemeji yangu ni anfirmiye, muuguzi. Alicheka kwanza mpaka akashika ukuta, kisha akanieleza, na alinieleza vizuri kuliko video zote. Jasho lenyewe likitoka halina harufu. Kwapani kuna mikrobe zinaishi hapo, zinakula yale mafuta mafuta ya jasho la kwapa, na kile zinachoacha njo kinanuka. Ngozi ya mutu ina uchachu wake kidogo, kwa ile kipimo ya asidi (pH, namba ikiwa ndogo uchachu ni mwingi) iko karibu na 5, na huo uchachu unasaidia ngozi kujilinda. Bikarbonate iko juu ya 8, ndimu iko karibu na 2. Sasa wewe unachukua hiyo ngozi, umeikwaruza na wembe, unaivuta juu unaivuta chini kama watoto wanaogombania blanketi moja. Na akaniongezea hii ambayo nataka uisikie kabisa: maji ya ndimu kwa ngozi kisha jua, yanaweza kuunguza na kuacha mabaka meusi au malengelenge, juu ndani ya ndimu kuna kitu kinachoshirikiana na jua kuchoma. Wewe umesema unauza barabarani. Usipake ndimu shingoni, usipake mikononi, na ukikamua za kuuza osha vidole kabla ya kutoka nje.

Nilipopona nikahamia kwa lile jiwe jeupe linaonekana kama barafu, vinyozi wanapitishaga kwa kidevu wakimaliza kunyoa, watu wa pwani wanaita shabu. Unalilowanisha, unapitisha kwapani, basi. Hapo kuna uongo mmoja unazunguka, kwamba jiwe ni zuri juu halina aluminiamu kama deodora za butike. Shabu yenyewe ni chumvi ya aluminiamu, ni jina lake tu halisemi. Mi nalitumia mpaka leo juu haliniwashi na linakaa mwaka mzima, siyo juu ni takatifu.

Safari hii nilikuwa nimeshakuwa mjanja kidogo. Kwapa ya kulia jiwe, ya kushoto hakuna kitu, naosha tu na sabuni, wiki mbili. Kila usiku mama watoto anafungwa kitambaa machoni, nampa mukono mmoja wa shati anuse, kisha mwingine, aseme upi mubaya. Watoto wakafikiri ni mchezo, wakataka na wao wanuse. Wiki ya kwanza karibu kila siku mukono wa kushoto njo ulishindwa. Wiki ya pili akaanza kusema yote sawa tu, halafu siku moja, bado kitambaa kiko machoni, akasema "lakini kuna kitu kinanuka ndani ya hii chumba na siyo shati". Akageuza kichwa polepole. Akaelekea kwa mlango. Nyuma ya mlango kwa musumari kulikuwa jile yangu ya kazi, ile koti isiyo na mikono.

Ndugu, ile jile! Nailoni tupu, naivaa juu ya shati siku sita, naifua jumamosi na sabuni ya mche na inakauka, naona ni safi. Nikivaa asubuhi haina kitu, jua likipanda saa nne na mwili umepata moto, harufu inaamka. Yule mama wa Majengo pengine hakuwa anakimbia kwapa yangu hata kidogo. Nguo za aina hiyo zinashika harufu kuliko pamba, hiyo motari yeyote atakuambia, lakini nilikuwa sijui kwa nini hata kufua hakusaidii.

Hapa njo tunafika kwa maji, na mi naona hii njo habari yenyewe, zile zingine ni mbwembwe.

Sisi hapa karibu wote tunaoga maji ya ziwa. Ukichota Kituku kando ya maji ni ziwa, ukinunua bidoni (dumu) inayoletwa na chukudu, ile baiskeli ya mbao, ni ziwa, hata ya bomba ya Regideso, kampuni ya maji, inapigwa kutoka ziwani. Na ziwa Kivu siyo maji tu, lina chumvi chumvi za volkano ndani, magnezi (magnesiamu) nyingi, na bikarbonate yake lenyewe. Juu juu hapo kipimo chake cha asidi kiko karibu na 9. Umeelewa? Mi nilikuwa naweka bikarbonate juu ya bikarbonate! Yule mutu wa video maji yake ni mengine.

Fanya hii nyumbani, haiombi makuta. Kamata chupa mbili ndogo za maji, moja weka ya ziwa, moja ya mvua, kila moja tia kipande cha sabuni ya mche sawa na kucha ya kidole kidogo, funga, tikisa mpaka uchoke. Ya mvua kwangu ilijaa povu mpaka shingoni. Ya ziwa ilitoa povu kidogo ya aibu, kisha ikageuka nyeupe nyeupe kama maji umeloweka muhogo, na vipande vinaelea. Vile vipande ni sabuni imeshikana na magnezi, haiwezi tena kusafisha kitu wala haisuuziki vizuri. Ule utando njo unabaki kwa besani, njo unabaki kwa nywele zinanata, kwa miguu inakauka inakuwa nyeupe, na kwa jile unafunga jasho la wiki iliyopita ndani ya nyuzi. Nilikuwa naongeza sabuni nikifikiri naongeza usafi.

Sasa nafanya hivi. Naoga na maji ya ziwa kama kila mutu, sabuni kidogo tu, kwapani, katikati ya mapaja na miguuni, fasi ingine maji yanatosha. Bidoni moja ya mvua naiweka kando kwa kusuuza mwisho. Mvua ikianza usikinge papo hapo, acha mabati yaoshwe kwanza vumbi na majivu. Na hayo ni ya kuoga na kufua, usimpe mutoto akunywe mwaka hadi mwaka, juu mvua ikipita kwa moshi wa Nyiragongo, ule mlima wetu wa volkano, inashuka na floride, wale wa vijiji vya karibu na mlima unawaona meno yana rangi ya chai tangu utoto. Mvua ikikosa, naweka kijiko kimoja cha supu cha vinegre nyeupe (siki) kwa litre moja ya maji ya ziwa, namwaga kichwani na mwilini mwisho, nywele zinaachana zenyewe. Kama kuna kidonda au umenyoa siku hiyo, acha, utalia. Jile niliiloweka nusu saa ndani ya maji ya mvua na vinegre, maji yakatoka rangi ya sombe, nikaianika kwa jua imegeuzwa ndani nje. Mama watoto alinusa bila kitambaa.

Mafuta, haraka haraka. Gliserini ni muzuri na siyo bei, ila usiipake tupu kwa ngozi kavu, changanya na maji nusu kwa nusu, paka ukiwa bado umelowa kutoka bafuni, kisha vazelini kidogo juu kwa visigino. Avoka (parachichi) kwa uso nilijaribu kama video ilivyosema, nzi njo walifurahia, tangu hapo avoka naila na mukate. Maji ya ndimu asubuhi kwa tumbo tupu kila siku ati kusafisha damu: miezi miwili, meno yakaanza kuuma nikinywa kitu baridi, nikaacha, damu ina figo na ini za kuisafisha. Kusugua meno na makala (mkaa) iliyosagwa, hapana, makala inakwaruza. Mubirizi, yale majani machungu, nakunywa nikisumbuliwa na tumbo kama mama alivyotuzoesha, siyo kila siku, na uchungu wake hata adui siwezi kumwombea. Visigino, mi nilivunja kipande cha jiwe la volkano kwa ukuta wa jirani nikasugua, nikajikata. Tafuta lile ambalo maji ya ziwa yamelisugua miaka mpaka limekuwa laini.

Umesema pia unataka kuanza kukimbia alfajiri upande wa Bulengo. Kimbia, ni muzuri, mi mwenyewe nafanya mara mbili kwa wiki, lakini bakia kwa barabara. Mimi nilishuka kwa bonde moja dogo karibu na ziwa nifanye pompe zangu, zile za kujisukuma na mikono chini, kwa utulivu, nyasi muzuri, hakuna mutu, nikasema hapa njo pangu. Mzee alikuwa anapita na bidoni akanipigia kelele toka juu, "Wee! Toka humo, hiyo ni mazuku!" Nilipanda mbio. Ile gazi ya ardhini ni nzito kuliko hewa, inajaa kwa mashimo na mabonde usiku na alfajiri kama hakuna upepo, haina rangi, na wewe uko chini kifua kwa nyasi unahema kwa nguvu. Mzee akanionyesha mbuzi mmoja amelala kando ya shimo. Hakuwa amelala.

Kuanza, anza na nguo. Wiki hii usibadilishe deodora, usinunue jiwe, usipake kitu kipya, loweka tu mashati yote ya kazi na uone harufu inabaki ngapi. Kisha kitu kimoja kimoja, kwapa moja moja, na mutu wa kunusa asiyekupenda sana. Kama kwapa imeshapasuka ao inatoa maji ao kuna uvimbe unaouma, hapo hakuna asili wala butike, nenda umuone munganga wa hospitali.

Na utuambie mambo mawili hukuandika: nguo unavaa kazini ni pamba ao nailoni, na maji ya kuoga unachota wapi, juu kama uko na kisima ao uko juu kule unatumia ya mvua tupu, nusu ya haya niliyoandika hayakuhusu.