Wastani wa hesabu umeshuka, tununue mfumo wa data?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwalimu wa taaluma shule ya kata huku Temeke, kidato cha pili tuna wanafunzi 160, mikondo minne. Mock imetoka, wastani wa hesabu ni 22, mwaka jana ulikuwa 27. Kuna jamaa kaja ofisini na mfumo wa kompyuta, anasema tukiingiza matokeo unatoa grafu na unatabiri nani atafaulu na nani atafeli. Mkuu wa shule ameupenda. Wenzangu wao wanasema hela hiyo bora tutoe mtihani kila wiki. Tufanye lipi?

JIBU: Marahaba mwalimu. Msifanye lolote kati ya hayo mawili, angalau sio sasa. Swali lako nalipata kila msimu wa mock, shule zinabadilika tu, na kila mara naanza na swali hilohilo: karatasi za majibu za hao watoto 160 ziko wapi?

Sio matokeo. Karatasi zenyewe. Nauliza kwa sababu mwaka jana nilinunua karanga pale Tandika, nafungua nakuta nimefungiwa na karatasi ya mtihani wa hesabu, jina limechanika nusu lakini kazi ya mtoto inasomeka vizuri kabisa. Kaandika 2/3 + 1/4 = 3/7. Mwalimu kapiga mkasi mwekundu, akaweka sifuri, akaendelea na swali linalofuata. Nilisimama pale barabarani nikaisoma mara mbili. Huyo mtoto hakubahatisha, kajumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, ana njia yake na anaifuata kwa uaminifu, na sehemu ni mada ya shule ya msingi kwahiyo ameibeba njia hiyo miaka mingi bila mtu kumuuliza "umepataje 7?" Data ya kumsaidia ilikuwa pale kwenye karatasi, na shule ikaiuza kwa kilo ikabaki na ile namba ya juu tu.

Hiyo namba ya juu ndiyo nyie mnaiita data. Mtoto akichemka usiku ukampeleka zahanati, daktari akakwambia tu "ana 39" akakurudisha nyumbani, utakubali? Utataka apimwe, ni malaria au ni UTI, maana dawa zake haziingiliani. Sasa 22 ni joto. Halafu hata kusema "imeshuka kutoka 27" mi siikubali moja kwa moja, maana mwaka jana walikuwa watoto wengine na karatasi nyingine, kama ya mwaka huu ilikuwa ngumu zaidi basi hujalinganisha kitu. Na wastani unaficha sana. Chukua mkondo mmoja wa watoto 40, wote wamepata kati ya 28 na 32. Mkondo mwingine 20 wamepata 50 na 20 wamepata 10. Wote wastani ni 30, lakini ule wa pili ni madarasa mawili yamekaa chumba kimoja, ukiwafundisha sawasawa kuna nusu unaipoteza kila siku.

Kwahiyo fanya hivi. Panga karatasi zote 160 kwa alama toka juu mpaka chini, chukua kila ya nne, utapata 40 zenye watoto wa kila aina (msichague zile safi tu, hilo kosa naliona sana). Chora jedwali kwenye daftari la kaunta, watoto upande mmoja maswali upande mwingine. Kapata weka 1, kakosa weka 0, hajagusa kabisa weka R ya karuka. Hiyo R usiichanganye na 0 hata kidogo, kwenye karatasi, zote mbili zinaonekana sifuri lakini ni magonjwa mawili tofauti. Na pembeni ya kila 0 andika jibu alilotoa mtoto. Walimu wawili mkikaa mchana mmoja mnamaliza.

Sasa soma jedwali kwa kushuka chini, swali kwa swali. Ukiona R zimejaa maswali ya mwisho, labda muda uliwaishia. Zikijaa kwenye mada moja, muulize mwalimu wa somo bila kumgombeza kama mada hiyo ilifundishwa ikaisha. Ukiona 0 nyingi zenye jibu lilelile, hapo umepata dhahabu, ni njia mbovu waliyoishika kwa pamoja kama ile ya 3/7. Na ukikuta swali ambalo wale wa juu wamekosa na wa chini wamepata, kagua swali na majibu ya kusahihishia kabla hujalaumu mtoto.

Kuna moja nakuomba usiiruke. Maswali ya maelezo, yale ya mfanyabiashara kanunua shati kauza kwa hasara ya asilimia 20, huwa yana R nyingi kuliko yote. Ita watoto watano walioliruka, wasomee kwa Kiswahili, kaa kimya uwaangalie. Nimefanya hivi shule moja ya huku Mbagala, watatu kati ya watano wakalifanya hapohapo ubaoni, binti mmoja akaniambia "mwalimu kumbe ni hasara tu?" Amesoma miaka saba kwa Kiswahili, kaingia kidato cha kwanza kila kitu Kiingereza, na neno lililomkwamisha ni moja. Huyo ukimpa mtihani kila wiki atakosa kila wiki, ukimpeleka kambi ya usiku atakosa usiku. Hahitaji hesabu zaidi, anahitaji maneno kama 30 ya hesabu ayajue kama anavyojua bei ya daladala.

Mkishafundisha upya, baada ya wiki mbili wapeni swali lilelile kwa namba nyingine, 3/5 + 1/2, atakayeandika 4/7 bado hamjamtibu.

Huyo jamaa wa mfumo muulize kitu kimoja, unaingiza nini? Akijibu "alama za mtoto" mwambie asante, maana mashine iliyopewa 22 haina pa kujulia ile 3/7, hakuna aliyeiingiza. Itawapa orodha ya majina ya watakaofeli, na mi naijua hiyo orodha inavyotumika. Nimeona shule zinachukua wenye 25 mpaka 29, kwa sababu D inaanzia 30, hao wanakalishwa mbele na kupewa walimu wazuri. Wenye 8 na 10 wanaambiwa wakae nyuma wasisumbue, wengine wazazi wanaitwa kushauriwa mtoto ahame "apumzike" kabla ya mtihani wa taifa. Wastani unapanda kweli. Hakuna mtoto hata mmoja aliyejua kujumlisha sehemu zaidi ya jana, na huo ni udanganyifu hata kama hakuna aliyeiba mtihani.

NECTA, baraza la mitihani la taifa, wenyewe Januari 2023, walipotoa matokeo ya kidato cha nne ya 2022, waliacha kutangaza shule kumi bora, lakini sisi huku chini bado tunabandika ukutani wa kwanza mpaka wa 160. Na hao hao NECTA wanatoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, kila somo, swali kwa swali, na picha za majibu mazuri na mabovu yaliyoandikwa na watoto wenyewe, ziko kwenye tovuti yao bure. Nikiuliza kwenye semina nani ameisoma ya somo lake, mikono inayonyooka ni michache inaniumiza. Halafu shule hiyohiyo iko tayari kulipa mtu anayesema anajua maswali yatakayotoka!

Kwahiyo kesho asubuhi kabla ya mstari nenda stoo, kaziwahi hizo karatasi hazijauzwa. Ukimaliza jedwali niandikie R ziko maswali gani na yale majibu mabovu yanayojirudia, uyanakili kama yalivyo.